Mchango Mkubwa wa Watoto wa Vumbini

Nchi hiyo ipo, ila msiniulize iko wapi, maana yenyewe haipendi kunyooshewa kidole. Ni nchi nzuri, nawaambia. Ugonjwa ulifutwa huko kwa amri, asubuhi moja kabla ya chai, na tangu hapo hospitali zake zinaitwa Nyumba za Kuthibitisha Afya. Ukienda unaumwa, unathibitishwa kuwa mzima, wauguzi wanakupigia makofi, unarudi kwako. Wapo wanaofia njiani, lakini hao wanakuwa wamekufa wakiwa wazima, na vyeti vyao vinasema hivyo.

Kwa kuwa ugonjwa umefutwa, majina yake nayo yakafutwa. La kwanza kufutwa lilikuwa neno minyoo. Inasemekana gazeti moja la nje liliwahi kuandika kwamba Mtukufu Mlezi na mawaziri wake ni minyoo katika tumbo la taifa. Watu wa huko walishangaa sana, kwa sababu walikuwa hawajawahi kufikiria hivyo, na baada ya kusoma wakawa hawafikirii kitu kingine. Basi serikali, kwa upole wake, ikapiga marufuku neno lenyewe. Ukilitamka barabarani unahojiwa. Ukiliandika katika karatasi ya serikali unahamishwa.

Mtu mmoja aliyelijua hilo vizuri aliitwa Shaweji Makungu. Kazi yake ilikuwa kuandika hotuba katika Idara ya Hotuba, na alikuwa fundi. Angeweza kuandika saa nzima ya maneno kuhusu barabara ambayo haipo, na wasikilizaji wakarudi nyumbani wakipangusa vumbi la barabara hiyo. Alikuwa na sauti ya chini, shati la mikono mirefu hata kwenye joto, na tabia ya kumeza mate kabla ya kumjibu mkubwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kusubiri aone mkubwa amekaaje ndipo na yeye akae.

Kwao ni Vumbini, mtaa wa pembeni mwa mji mkuu, na hapo ndipo alipoishi na mkewe Kidawa na watoto wao wawili: Siwema, aliyekuwa darasa la kwanza, na Sele, aliyekuwa bado anajifunza kutembea. Vumbini ilikuwa na choo. Nalisema mapema ili msije mkasema serikali haikujenga. Kilikuwa choo cha kisasa, chenye vigae, na juu ya kila tundu palitundikwa picha ya Mtukufu Mlezi akitabasamu. Hapo tatizo likaanza. Hakuna aliyejua kama ni halali kuchutama mbele ya picha ile, na hakuna mkubwa aliyekubali kuulizwa. Ikaundwa kamati ya kulitazama suala hilo. Wakati kamati inatazama, choo kilifungwa utepe na kufuli, kikawekewa askari, na watu wa Vumbini wakawa wanazunguka nyuma yake, kwenye vichaka, kufanya walichokuwa wafanye ndani.

Mvua ikinyesha, vichaka vilishuka vyote mpaka uwanjani. Na uwanja ndio huo huo wa watoto. Siwema alipenda mchezo wa kupika: udongo ndio ugali, majani ndiyo mchicha, na mpishi mwenye heshima zake lazima aonje.

*

Ripoti ilifika mezani kwa Shaweji siku ambayo Waziri wa Afya na Makofi, Mheshimiwa Pazi Tambuu, alikuwa anahangaika kutafuta habari njema. Siku ya Shukrani ilikuwa inakaribia, na kila wizara ilitakiwa kumpelekea Mtukufu Mlezi jambo la kufurahia. Wizara ya Kilimo ilikuwa imeshapata muhogo uliofanana naye.

Ripoti yenyewe iliandikwa na Daktari Mwanaheri Fumo, wa Nyumba ya Kuthibitisha Afya ya Vumbini. Daktari huyu alikuwa amewapima watoto wa shule nzima, na alichokiona kilimkosesha raha. Lakini angekiandikaje? Neno limepigwa marufuku. Akakumbuka jinsi akina mama wa Vumbini wanavyosema. Wao hawasemi mtoto ana minyoo. Wanasema mtoto ana mchango, na ukimpa dawa, umemtoa mchango. Ni neno la zamani, la nyumbani, na halikuwa limefutwa, kwa sababu waliokuwa wanafuta maneno walilijua kwa maana ile nyingine tu, ya mtu kuchangia. Daktari akaandika: “Watoto wa Vumbini wana mchango mkubwa. Nimeshtuka. Hatua zichukuliwe haraka.”

Mheshimiwa Pazi alisoma, akavua miwani, akaipangusa, akasoma tena.

“Shaweji,” alisema, “umeiona hii?”

“Nimeiona, Mheshimiwa.”

“Watoto wadogo, watoto wa Vumbini, wana mchango mkubwa kwa taifa. Mpaka daktari ameshtuka. Mimi mwenyewe nasisimka, tazama mkono wangu.”

Shaweji aliutazama mkono. Yeye ni mtoto wa Vumbini, amelala na mchango tumboni utoto wake wote, ameshikwa pua na bibi yake akinyweshwa dawa ya mizizi. Alijua ripoti inasema nini. Akafungua mdomo.

“Unataka kusema kitu?” Waziri aliuliza, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo Shaweji hakuwahi kuiona tangu aanze kazi.

Shaweji akameza mate.

“Nilikuwa nasema, Mheshimiwa, hata mimi nimeguswa.”

*

Hamjawahi kuona serikali inayochapa kazi namna ile. Kabla wino wa Shaweji haujakauka, redio ilikuwa inaimba “Mchango Wako, Fahari Yetu”, na maofisa wa wizara wakateremka Vumbini na tepu za mafundi cherehani. Palikuwa na swali la kitaalamu: mchango wa mtoto unapimwaje? Wakaisoma ripoti mpaka ndani, wakakuta daktari ameandika kuwa mchango huonekana tumboni. Basi wakapima matumbo. Mtoto mwenye tumbo lililotangulia mbele na miguu myembamba alivishwa nishani. Mtoto mwenye tumbo la kawaida alirudishwa kwao na barua ya kumwonya mzazi kwamba analea mtu asiyechangia.

Msicheke. Wapo akina mama waliowapa watoto wao maji mengi asubuhi ya kupimwa.

Daktari Mwanaheri akaja juu. Alifunga safari hadi wizarani akiwa na vidonge mkononi, akasema ana maboksi ya dawa hiyo ghalani, zawadi ya marafiki wa nje, kila mtoto atafune kimoja tu na mchango utaondoka. Waziri alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa, halafu akamgeukia Shaweji.

“Nimesikia vizuri? Daktari huyu ana dawa ya kuondoa mchango wa watoto wetu?”

“Ndiyo anavyosema, Mheshimiwa.”

“Na dawa imetoka nje.”

“Imetoka nje, Mheshimiwa.”

“Daktari,” Waziri alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ya hotuba, “taifa hili limefikishwa hapa na mchango wa kila mtu. Maadui zetu wameshindwa kwa bunduki, wameshindwa kwa redio, sasa wanakuja na vidonge.”

“Mheshimiwa, nazungumzia min...” Daktari alianza, na makarani wote chumbani wakakohoa kwa pamoja, kama wanavyofundishwa, ili neno lisisikike.

Ghala likapigwa lakiri na kuwekewa askari. Maduka ya dawa yakaagizwa kuuza vitamini na bendera tu. Daktari Mwanaheri akahamishiwa Makumbusho ya Taifa, kufuta vumbi kwenye mafuvu. Shaweji ndiye aliyeandika barua ya uhamisho, na ilikuwa barua nzuri.

*

Siwema alianza kwa kukohoa. Kikohozi kikavu, cha kwikwi, bila mafua. Kikapita. Kidawa alifurahi kimepita. Kisha mtoto akawa anakula na hanenepi, anasinzia darasani, anasaga meno akilala, na tumbo linakuja mbele. Maofisa wakapita na tepu yao, wakampima, wakaitana waje waone. Wakasema huyu ndiye. Siku ya Shukrani, Siwema binti Shaweji atasimama jukwaani kando ya Mtukufu Mlezi kuwawakilisha watoto wote wenye mchango.

Mchana mmoja Shaweji alirudi nyumbani mapema na gauni jeupe la sherehe, zawadi kutoka wizarani. Alimkuta mkewe amekaa kizingitini na kopo miguuni.

“Baba Siwema, njoo uangalie,” Kidawa alisema.

Shaweji alichungulia. Mnyoo ulikuwa mweupe wenye wekundu kwa mbali, mrefu kuliko penseli, na ulikuwa bado unajikunja.

“Kautoa wapi?”

“Kautapika. Mwanangu kautapika kwa mdomo, na mwingine umechungulia puani nikauvuta kwa kitambaa.” Kidawa hakupandisha sauti. “Wewe unakaa na wakubwa. Kalete dawa.”

Shaweji hakuwa na pa kuipata. Kuomba dawa wizarani kulihitaji kutaja ugonjwa, na ugonjwa haukuwapo. Alikwenda Makumbusho. Daktari Mwanaheri alikuwa na kitambaa mkononi, anapangusa fuvu la kiboko, na alipomwona hakushangaa.

“Umekuja kuniandikia barua nyingine?”

“Ni binti yangu, Daktari.”

Daktari akaweka kitambaa chini. Hapo hakuwa na kejeli tena. Alimuuliza habari za kikohozi, za kutapika, za tumbo, kisha akamweleza taratibu, kwa kuwa alitaka aelewe. Mtu mwenye minyoo akijisaidia kichakani, mayai yanabaki kwenye udongo. Hayaonekani kwa macho, na yanaweza kukaa humo miaka. Mtoto anachezea udongo ule, anakula bila kunawa, au mama anachuma mchicha pale na kuusuuza juu juu, na mayai yanaingia. Yanaanguliwa tumboni. Vijidudu vinatoboa ukuta wa utumbo, vinasafiri na damu mpaka mapafuni, ndicho kile kikohozi. Vinapanda kooni, mtoto anavimeza tena, na vikirudi tumboni safari hii vinakaa, vinanenepa kwa chakula chake, vinataga.

“Kidonge kimoja kingetosha,” alisema. “Kimoja, halafu shule nzima irudie kila baada ya miezi kadhaa, na kile choo kifunguliwe, na watu wapate maji na sabuni. La sivyo unaitoa minyoo leo, kesho watoto wanaimeza tena. Sio elimu kubwa, Bwana Shaweji. Bibi yako aliijua nusu yake.”

“Vidonge viko ghalani.”

“Viko ghalani, na ghala linafunguliwa na Mtukufu peke yake. Hotuba yake ya Siku ya Shukrani anaiandika nani?”

Shaweji alilitazama fuvu la kiboko.

“Anasoma chochote anachowekewa,” Daktari alisema. “Akisema kitu jukwaani kinakuwa amri. Mwandikie: watoto wana minyoo, wapewe dawa leo. Andika minyoo. Usiandike neno lingine, mimi niliandika lingine ukaona lilikonifikisha. Na sikiliza, tumbo likiwa gumu, akaanza kutapika nyongo na choo hapati, ujue minyoo imejifunga fundo. Hapo usihangaike na kidonge. Hapo ni mpasuaji, na ni mbio.”

*

Shaweji aliiandika hotuba ile kwa mkono wake. Alipofika mahali penyewe aliandika “Watoto wetu wana”, akasimama. Aliliona neno likija. Alimwona Mheshimiwa Pazi akilisoma, akaona barua ya uhamisho, akajua hata itakavyoanza, maana barua zote za namna ile alikuwa anaziandika yeye. Akatafuta njia ya kusema bila kusema. Hiyo ndiyo kazi aliyoisomea. Na njia akaipata, akajisifu moyoni, maskini, kwa akili yake.

Siku ya Shukrani Siwema alipandishwa jukwaani na gauni jeupe. Alikuwa ameshindwa kunywa hata uji. Kidawa alikuwa amesema mtoto haendi popote, na maofisa wawili walikuja wakamweleza, kwa heshima zote, kwamba anakwenda. Shaweji alimbeba mwenyewe. Njiani alimnong'oneza, “Vumilia kidogo mama, leo wote mtapata dawa.” Tumbo la mtoto, likimgusa kifuani, lilikuwa gumu.

Mtukufu Mlezi alisoma kuhusu barabara. Alisoma kuhusu muhogo. Kisha akageuza ukurasa, akasoma kwa sauti ile yake nzito maneno ya Shaweji Makungu:

“Watoto wetu wana mchango mkubwa. Umekaa ndani yao vya kutosha. Kwa hiyo naamuru: mchango wa kila mtoto utolewe leo hii, kabla jua halijazama, na kila mtumishi wa afya aache kazi nyingine zote akashughulikie utoaji huo.”

Uwanja ulilipuka kwa makofi. Nyuma kabisa akina mama wa Vumbini, waliolisikia neno kwa maana yao, walikumbatiana. Shaweji alifumba macho. Ghala litafunguliwa, alijiambia.

Alipoyafumbua, wauguzi walikuwa wanapita kati ya watu na mabeseni.

Mheshimiwa Pazi alikuwa ameshaelewa, kabla ya wengine wote, kwa sababu ni mtu mwenye akili nyepesi. Mtukufu ameamuru mchango utolewe. Basi utolewe. Kila mtoto atoe alicho nacho: kuku, mayai, sahani, kandambili, nishani zenyewe zirudi. Daktari mmoja aliyevaa koti jeupe alikuwa anamnyang'anya mtoto mwanasesere, anamshukuru. Akina mama wa nyuma waliendelea kukumbatiana kidogo, kisha wakaachana.

Na hapo Siwema akakaa chini jukwaani. Hakulia. Alitapika maji ya kijani kwenye gauni jeupe, akaegemea mguu wa meza ya Mtukufu. Mpiga picha wa taifa alielekeza kamera upande wa pili. Kidawa, aliyekuwa amezuiwa nyuma ya kamba, aliikata kamba ile sijui kwa kitu gani, kwa meno nadhani, akapanda, akamchukua mwanawe mgongoni, akatimua mbio, na Shaweji nyuma yake.

*

Nyumba ya Kuthibitisha Afya ilikuwa wazi na haina mtu. Kwenye veranda alikaa mzee mmoja mlinzi, ameweka beseni tupu magotini.

“Mpasuaji yuko wapi?” Kidawa aliuliza.

“Kaenda kukusanya mchango.”

“Na wasaidizi wake?”

“Wote mama. Ni amri ya Mtukufu. Imesomwa redioni, waache kazi nyingine zote.” Mlinzi alimtazama mtoto, akatazama pembeni. “Mimi nimebakishwa nipokee watakaoleta wenyewe.”

Shaweji alikimbia kumtafuta mpasuaji. Alimpata mtaa wa tatu, anabishana na bibi kizee juu ya jogoo. Alimshika mkono, akamwambia mtoto anakufa, akalitamka lile neno, minyoo, minyoo, mara nyingi, kwa sauti, mbele za watu. Mpasuaji alikuwa kijana mwema, na aliogopa. Alisema anakuja, ila akabidhi kwanza jogoo, kwa kuwa ameshasaini. Alikuja. Nasema kweli alikuja, tena mbio, na jua lilikuwa bado halijazama. Alimfunua Siwema, akambonyeza tumbo, akaweka sikio, kisha akalifunika tena gauni lile, na kulinyoosha pindo vizuri kuliko ilivyohitajika.

Cheti kiliandikwa kwamba marehemu alifariki akiwa mzima.

Walimzika asubuhi. Mheshimiwa Pazi alihudhuria, na hakuwa na hotuba, kwa kuwa mwandishi wake alikuwa amefiwa. Ikabidi aseme ya kwake. Alisema mtoto huyu ametoa mchango wake wote, hakubakiza. Watu wa Vumbini hawakupiga makofi. Walisimama tu na majembe, na mmoja akasema tumalizie udongo, jua linakuwa kali. Kisha Waziri akamwita Shaweji kando, akampa mkono, akamwambia Mtukufu Mlezi ameipenda sana hotuba, hasa ule ukurasa wa mchango, na kwamba amepandishwa kuwa Mwandishi Mkuu.

“Asante, Mheshimiwa,” Shaweji alisema. Lilimtoka kwa mazoea.

Waombolezaji walipotawanyika alimkuta Kidawa uani, amempakata Sele mbele ya ndoo ya maji. Alikuwa na kipande cha sabuni, anamnawisha mtoto mikono, kidole kimoja kimoja, anachokoa chini ya kucha kwa kijiti. Mtoto analia, anataka kushuka akacheze. Shaweji alichutama karibu nao. Alitaka kusaidia na hakujua ashike wapi.

“Baba Siwema,” Kidawa alisema, bila kuinua kichwa. “Daktari alikwambia uandike minyoo.”

“Alinambia.”

“Ungeandika, wangekufanya nini?”

Shaweji alitafuta kitu kikubwa cha kumwambia. Risasi, au kamba, au gereza la kisiwani, kitu ambacho mama aliyetoka kuzika angeweza kukipokea. Alitafuta sana, na maneno ndiyo yalikuwa kazi yake.

“Wangenihamisha,” alisema.

Kidawa akaupindua mkono wa mtoto, akaanza na ule wa pili.